Maji Hufuata Mkondo: Vijazio vya Minara na Jinsi Gesi Inavyokutana na Maji

Ukifungua katalogi yoyote ya vijazio vya minara ya kemikali, namba inayovuta macho kwanza ni ile ya mita za mraba. Kijazio hiki kinatoa mita za mraba 200 katika kila mita moja ya ujazo, kile 250, kile kingine 500. Mnunuzi hulinganisha, huchagua kubwa, huona kazi imekwisha. Naandika makala hii kwa sababu naamini namba hiyo imepewa heshima isiyo yake. Mita za mraba za katalogi ni za kijazio kikavu. Ndani ya mnara, kazi hufanywa na ile sehemu tu iliyolowa, ambayo maji yake yanatembea na ambayo gesi mpya inaifikia. Sehemu hiyo karibu kila mara ni ndogo kuliko ile iliyochapishwa, na kuipigania ndiko kusanifu.

Kwa ambaye hajawahi kuusogelea mnara wa namna hii: ni silinda iliyosimama wima. Gesi huingia chini na kupanda, maji au kimiminika kingine huingia juu na kushuka. Katikati pamejazwa vipande vidogo vya kauri, plastiki au chuma, au mabati membamba yaliyokunjwa mikunjo na kupangwa kwa utaratibu. Vipande hivyo, ndivyo vijazio, havifanyi kemia yoyote. Kazi yake ni kuyatandaza maji yawe utando mwembamba ili gesi iyaguse kwa upana. Kwa njia hiyo amonia hufuliwa kutoka kwenye hewa, kaboni dioksidi hutolewa kwenye gesi asilia, pombe hukenekwa, na oksijeni hutenganishwa na naitrojeni katika baridi kali.

Utando wenyewe ni mwembamba kuliko watu wengi wanavyodhani. Chukua mnara unaopokea mita za ujazo 20 za maji kwa saa katika kila mita ya mraba ya sakafu yake, uliojazwa vijazio vya mita za mraba 200 kwa kila mita ya ujazo. Kama kila sehemu ya uso ingelowa sawasawa na kusimama wima, unene wa utando ungekuwa karibu milimita 0.2. Maji yote yaliyoning'inia katika mita moja ya ujazo wa vijazio yangekuwa lita 40 hivi. Nafasi yote iliyobaki ni ya gesi na ya kijazio chenyewe. Mnara unaoonekana mzito hivi unaendeshwa na ngozi ya maji ya milimita 0.2 hivi.

Kinachotokea kwenye ngozi hiyo kilielezwa vizuri na W. G. Whitman mwaka 1923, kwa wazo la tando mbili: upande wa gesi kuna tabaka jembamba ambalo molekuli lazima zilipenye, na upande wa maji kuna jingine. Kila tabaka lina ukinzani wake, na lenye ukinzani mkubwa ndilo linaloamua kasi. Amonia huyeyuka kwa urahisi sana ndani ya maji, kwa hiyo upande wa maji hauzuii kitu na taabu yote iko kwenye gesi. Kaboni dioksidi ndani ya maji matupu ni kinyume: inafika mlangoni upesi, halafu inakwama kuingia. Msanifu asiyejua taabu yake iko upande gani atatumia fedha upande usiofaa. Ataongeza feni mahali palipohitaji maji kuvurugwa, au ataongeza pampu mahali palipohitaji gesi kuvurugwa.

Mwaka 1935 Ralph Higbie aliongeza jambo ambalo kwangu mimi ndilo ufunguo wa umbo la kijazio. Alisema uso wa maji ukiwa mpya hufyonza kwa kasi, na kadiri unavyokaa mbele ya gesi ndivyo unavyoshiba na kasi kupungua. Kasi ya wastani inafuata kinyume cha kipeuo cha pili cha muda ambao uso umekaa wazi. Maana yake ni hii: ukiukata muda huo hadi robo, kwa kuyafanya maji yavunjike na kuchanganyika kila baada ya kitambo kifupi, unafyonza mara mbili zaidi kwa eneo lile lile. Katika mfano wangu wa juu, uso wa maji hushuka kwa karibu sentimita 20 kwa sekunde, hivyo huvuka kipande cha milimita 25 kwa sekunde 0.12 hivi. Kila kona, kila ulimi, kila mahali ambapo kipande kimoja kinagusana na kingine ni nafasi ya maji kuvurugika na kuanza upya. Ukuta mrefu ulio laini una mita za mraba nyingi na uso uliozeeka.

Historia inaonyesha jinsi watu walivyolifikia wazo hili kwa kupapasa. Mwaka 1836 nchini Uingereza, William Gossage alikuwa akihangaika na asidi ya hidrokloriki iliyotoka kwenye viwanda vilivyotengeneza magadi ya soda kutokana na chumvi kwa njia ya Leblanc. Moshi ule uliunguza mashamba ya jirani. Alichukua jengo la kinu cha upepo kilichoachwa, akalijaza matawi na vichaka, akamwaga maji juu na kuingiza gesi. Asidi ikabaki ndani ya maji. Baadaye minara kama hiyo ilijazwa makaa ya koki, na kufikia mwaka 1863 sheria ya Uingereza iliweza kuwalazimisha wenye viwanda kukamata asilimia 95 ya asidi hiyo. Sheria ya namna hiyo isingeandikika bila mnara uliojazwa. Nalitaja hili kwa sababu watu husahau kwamba hewa wanayovuta jirani na kiwanda inategemea vipande hivi visivyoonekana.

Tatizo la matawi na koki ni kwamba hakuna nafasi mbili zinazofanana. Pengine gesi inapita wazi, pengine pameziba. Hatua kubwa ilikuja mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka kwa Friedrich Raschig, mkemia wa Ludwigshafen, Ujerumani. Alitengeneza pete: silinda fupi isiyo na kifuniko wala kitako, yenye urefu sawa na kipenyo chake. Kwa kuwa urefu na upana ni sawa, pete haina upande inaoupendelea sana inapodondoka, na nafasi zinazobaki kati ya pete zinakaribia kufanana. Kwa mara ya kwanza mnara uliweza kukokotolewa, si kukisiwa tu.

Lakini ishike pete ya Raschig mkononi na uifikirie ndani ya lundo. Ikiwa imesimama wima, maji yanateremka ndani na nje vizuri. Ikilala ubavu, tumbo lake linakuwa kidimbwi: maji yanakusanyika chini na hayana pa kutokea ila mdomoni. Dari ya ndani inaweza kubaki kavu kabisa. Gesi inayopanda inakutana na mgongo wa pete, inaukwepa pande zote mbili na kwenda zake bila kuingia ndani. Karibu nusu ya uso wa pete ni uso wa ndani, na pete iliyolala vibaya inaupoteza. Katalogi inauhesabu wote.

Katikati ya karne ya 20, wahandisi wa kampuni ya kemikali ya BASF, nao wa Ludwigshafen, walileta pete ya Pall. Naipenda pete hii kuliko kijazio kingine chochote kwa sababu ni somo zima la usanifu katika kipande kimoja cha bati. Walichukua pete ile ile yenye urefu sawa na kipenyo, wakakata madirisha ukutani, na badala ya kuvitupa vipande vya madirisha wakavikunja kuelekea ndani viwe ndimi. Chuma hakikuongezwa wala kupunguzwa. Mita za mraba zilibaki karibu zile zile: pete ya chuma ya milimita 25 ina mita za mraba 200 na kidogo kwa kila mita ya ujazo, si mbali na 190 za pete ya kauri ya Raschig ya ukubwa huo. Kilichobadilika ni kwamba sasa uso wa ndani una mlango. Pete ikilala, maji yanachuruzika kupitia dirishani, yanashika ulimi, yanadondoka kutoka ncha ya ulimi hadi ukuta wa chini, na kila mdondoko ni uso mpya. Gesi nayo inapita katikati ya pete badala ya kuizunguka. Kwa upotevu wa presha ule ule, mnara wa pete za Pall hupitisha gesi zaidi kwa nusu nzima au hata zaidi ya hapo. Sehemu ya faida hiyo inatokana na wembamba wa bati, maana kauri hula nafasi: nafasi wazi katika lundo la kauri ya milimita 25 ni asilimia 74 hivi, na katika lundo la chuma ni 94. Hata hivyo, madirisha na ndimi ndivyo vilivyofanya kazi kubwa.

Baada ya hapo njia ilikuwa imefunguliwa. Wengine walifupisha pete hadi urefu wake ukawa theluthi ya kipenyo. Pete fupi hivyo hupenda kulala chali, midomo ikitazama juu na chini, na gesi inapita bila kugonga kuta. Wengine, tangu kabla ya pete ya Pall, walitengeneza matandiko, vipande vilivyopinda kama tandiko la farasi, ambavyo havina ndani wala nje. Toleo la mwanzo la tandiko lilikuwa na kasoro ya kuingiliana: kipande kinajipachika mgongoni mwa kingine, nyuso mbili zinafichana. Dawa yake ilikuwa kuufanya upande mmoja usilingane na mwingine. Vijazio vya siku hizi vimebaki mifupa mitupu ya vipande na vitanzi, ukuta karibu haupo. Ukivitazama kwa mfuatano, kutoka pete ya Raschig hadi leo, unaona mita za mraba hazikupanda sana. Kilichopanda ni uwazi.

Ukubwa wa kipande ni uamuzi wa biashara zaidi ya sayansi. Kwa makadirio ya haraka, mita za mraba kwa kila mita ya ujazo ni 5 ukigawa kwa kipenyo cha pete kikiwa katika mita: milimita 25 inakupa 200, milimita 50 inakupa 100. Pete ndogo inakupa mnara mfupi ila mnene, pete kubwa mnara mrefu ila mwembamba. Sharti moja halina mjadala: kipenyo cha mnara kiwe angalau mara kumi ya kipenyo cha kijazio. Jirani na ukuta vipande havipangiki vizuri, nafasi zinakuwa pana, na maji yakishafika ukutani hayarudi kwa hiari. Mnara mwembamba wenye pete kubwa ni bomba la kuteremshia maji ukutani.

Kuhusu kulowa kwenyewe, namba ni za kushtua. Mwaka 1968 wahandisi wa Kijapani, Onda na wenzake, walichapisha kanuni ya kukadiria sehemu ya uso inayolowa. Ndani yake kuna mvutano wa uso wa maji, karibu milinewtoni 72 kwa mita, na kiwango cha mvutano ambacho kila maada inaweza kukubali kulowa: chuma 75, kauri 61, polithini 33. Tuseme katika hali fulani kanuni hiyo inakupa chuma kinacholowa kwa asilimia 63. Badilisha maada tu, uache kila kitu kingine vilevile, polithini inakupa kama asilimia 42. Theluthi ya eneo ulilolilipia imeondoka kwa kubadili maada. Plastiki mpya ndiyo yenye ukaidi zaidi; maji yanajikusanya kuwa matone na vijito badala ya kutanda. Ikishakaa kazini kwa muda, uso wake hukwaruzika na kuchakaa kidogo, na hulowa vizuri zaidi. Ndiyo maana sioni busara kuuhukumu mnara wa plastiki kwa majaribio ya siku zake za kwanza.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo ningeomba kila mtu anayenunua vijazio alisome mara mbili. Kijazio kizuri hakiwezi kuokoa maji yaliyogawanywa vibaya juu yake. Maji hufuata mkondo, na mkondo ukishajichimbia njia katika lundo hauachi njia hiyo kwa sababu umbo la pete ni la kisasa.

Nimeingia kwenye minara iliyosimamishwa kwa ajili ya ukaguzi, na alama huwa wazi ukijua pa kutazama. Katika mnara mmoja uliofua gesi yenye vumbi, ulipofunguliwa mlango wa juu, uso wa pete ulikuwa na rangi mbili. Upande mmoja pete zilikuwa zinang'aa kana kwamba zimetoka kwenye sanduku. Upande wa pili, katika umbo la mwezi mchanga lililofuata ukuta, zilikuwa zimefunikwa ukoko wa kijivu, mkavu, uliopasukapasuka. Ukitoa pete moja hapo na kuigeuza, unaona ukoko uko juu na chini bila mchirizi hata mmoja wa maji. Fundi akaweka pimamaji juu ya sinia la kugawia maji. Lilikuwa limeinama kuelekea upande uliong'aa. Wenye kiwanda walikuwa wamekwisha kupanga bajeti ya kubadilisha vijazio vyote.

Hesabu ya sinia hilo ni rahisi na inafaa kujulikana. Maji hutoka kwenye tundu kwa kasi inayofuata kipeuo cha pili cha kina kilichoko juu ya tundu. Tuseme kina ni milimita 50, na sinia limeinama kiasi kwamba upande mmoja uko juu ya mwingine kwa milimita 20. Upande wa juu una kina cha 40, upande wa chini 60. Matundu ya chini yanatoa maji zaidi kwa asilimia 22. Milimita 20 katika mnara wa mita moja au zaidi ni mwinamo ambao jicho haliuoni. Ukisanifu sinia hilo hilo lifanye kazi na kina cha milimita 200, mwinamo ule ule unaleta tofauti ya asilimia 5 tu. Sinia lenye kuta ndefu na matundu madogo zaidi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kinachookolewa, ilimradi maji ni safi na matundu hayazibi. Idadi ya matundu nayo ina desturi yake: 60 hadi 100 kwa kila mita ya mraba, zaidi vijazio vikiwa vya kiwango cha juu, maana hivyo havina tabia ya kusambaza maji vyenyewe kwa upana.

Kwa nini mgawanyo mbaya wa maji una uzito? Inategemea umekaa karibu kiasi gani na mpaka. Kwa kila kazi ya kufyonza kuna kiasi cha chini kabisa cha maji, ambacho chini yake lengo halifikiki hata mnara uwe mrefu kufika mawinguni. Wasanifu wengi huweka maji mara 1.2 hadi 1.5 ya kiasi hicho. Sasa mnara uliowekewa mara 1.2, upande wake mmoja ukipata pungufu kwa robo, upande huo unabaki na mara 0.9. Uko chini ya mpaka. Gesi inayopita upande huo itatoka chafu, na kuongeza mita tatu za vijazio hakutabadilisha kitu. Ukichukua hali mbaya zaidi, asilimia 3 ya gesi ikipita mahali pakavu kabisa bila kuchanganyika na nyingine, mnara uliosanifiwa kukamata asilimia 99.9 utakamata 96.9. Kwa kweli gesi huchanganyika kwa upande ikipanda, hivyo minara mingi inasamehewa sehemu ya dhambi hii, lakini mnara mnene wenye vijazio vidogo husamehewa kidogo sana.

Kwa sababu hiyo hiyo lundo halifanywi refu bila kikomo. Maji hata yakianza sawa huhamia ukutani. Kwa pete za Raschig hukusanywa na kugawanywa upya kila baada ya kina cha vipenyo vitatu hivi vya mnara. Kwa pete za Pall huvumiliwa vipenyo 5 hadi 10, na kwa kawaida lundo moja halizidi mita 6.

Urefu wenyewe hukokotolewa kwa njia ya Chilton na Colburn ya mwaka 1935, ambayo bado sijaona iliyo nyoofu kuliko hiyo: urefu ni zao la namba mbili, moja ya ugumu wa kazi na nyingine ya ubora wa kijazio. Kwa gesi inayoyeyuka kwa urahisi kama amonia kidogo katika hewa, ugumu wa kazi ni logi asilia ya uwiano wa uchafu unaoingia kwa unaotoka. Kuondoa asilimia 99 ni vizio 4.6. Kuondoa 99.9 ni vizio 6.9. Kama kijazio chako, katika hali halisi ya maji na gesi, kinahitaji nusu mita kwa kila kizio, basi ni mita 2.3 na mita 3.5. Tisa moja ya ziada baada ya nukta inakugharimu nusu nyingine ya lundo. Anayedai tisa hizo mezani ni vizuri ajue.

Upana wa mnara huamuliwa na mafuriko. Nimewahi kusimama mbele ya mnara wa majaribio wenye ukuta wa kioo huku gesi ikiongezwa polepole, na ningependa kila mwanafunzi aone. Mwanzoni maji yanateremka kimya, tando zinatetemeka kidogo, na upotevu wa presha unapanda kwa kipeo cha pili cha kasi ya gesi kama vitabu vinavyosema. Ikafika hatua tando zikaanza kuvimba. Matone yanasita kwenye ncha za ndimi, yanasukumwa pembeni kabla ya kudondoka. Kipimo cha presha kinapanda kwa kasi kuliko mwanzo, kwa sababu maji yaliyosita yamekula njia ya gesi. Hiyo ndiyo hali ya kupakia, na mara nyingi ndipo mguso wa gesi na maji unapokuwa mzuri zaidi, jambo linalowashawishi watu kusogea mbele. Ongeza kidogo tena: povu linajitokeza mahali fulani kwenye lundo, linapanda, kipimo kinarukaruka, na maji yanasimama juu ya vijazio kama bwawa huku gesi ikiyachemsha. Kutoka kupakia hadi mafuriko ni hatua fupi. Ndiyo maana hesabu hulengwa asilimia 70 hadi 80 ya kasi ya mafuriko, na chini ya hapo kimiminika kikiwa cha kutoa povu.

Tuseme una mita ya ujazo 1 ya hewa kwa sekunde, na vijazio vya milimita 38 vinavyokuruhusu mita 1.4 kwa sekunde kwa usalama. Unahitaji mita za mraba 0.71, yaani kipenyo cha sentimita 95. Kwa upotevu wa paskali 300 kwa kila mita, unaoangukia ndani ya kiwango cha kawaida cha minara ya kufyonza, lundo la mita 3.5 linakula kama paskali 1,000, na feni yenye ufanisi wa asilimia 60 itahitaji kilowati 1.7 kwa lundo hilo peke yake. Sasa mtu wa manunuzi anakuomba upunguze kipenyo kwa asilimia 10 ili kuokoa bati. Kasi inapanda kwa asilimia 23, presha kwa zaidi ya nusu, na ile nafasi uliyoiacha kabla ya mafuriko imeliwa sehemu kubwa. Akiba hiyo hulipwa na feni kila saa, mwaka hadi mwaka. Ningeikataa.

Vijazio vya kupangwa, vile vya mabati yenye mikunjo, ni ulimwengu wake. Mellapak ya kampuni ya Sulzer, iliyoingia sokoni miaka ya 1970, ndiyo iliyoweka mfano: aina ya 250Y ina mita za mraba 250, mikunjo yake imelala kwa nyuzi 45, na kila tabaka limegeuzwa nyuzi 90 kutoka lililo chini yake ili gesi na maji vichanganyike pande zote mbili za mnara. Bati limetobolewa na kuchongwa mistari midogo ili maji yatande. Aina yenye herufi X ina mikunjo iliyosimama zaidi, nyuzi 60, hivyo inapitisha gesi nyingi zaidi na kutenganisha kidogo zaidi. Mahali ambapo kila paskali ni muhimu, kama ukenekaji katika ombwe au kutenganisha hewa, hivi havina mshindani. Katika ukenekaji wa presha kubwa mambo hugeuka: mvuke unakuwa mzito, maji ni mengi, mvuke unaburutwa kurudi chini, na minara ya sinia, yenye sinia za matundu zilizopangwa ngazi kwa ngazi badala ya vijazio, hushinda. Tahadhari nyingine ni moto. Bati jembamba lenye masalia ya salfidi ya chuma linaweza kuwaka lenyewe hewa ikiingia wakati wa ukaguzi, kwa hiyo linafuliwa na kulowanishwa kabla ya mlango kufunguliwa.

Kuna mambo ya chini ambayo hayachukui kurasa nyingi lakini huharibu minara mizima. Wavu wa kubeba vijazio lazima uwe na uwazi usiopungua ule wa lundo lenyewe, na uwe na njia za gesi zilizoinuliwa juu ya njia za maji. Vinginevyo mafuriko yanaanzia kwenye wavu na kijazio kinalaumiwa bure. Juu ya lundo kuwe na kizuizi, kwani gesi ikija kwa kishindo pete za plastiki huruka hadi kwenye sinia. Pete za kauri hudondoshwa ndani ya mnara uliojazwa maji ili zisivunjike, kwa maana vigae vidogo vya kauri vikishuka huziba wavu. Pete zisimwagwe mahali pamoja zikafanya kichuguu: zinabiringika kufuata mteremko, zinalala zikielekea ukutani, na zinayaelekeza maji huko huko. Na anayeingia kusawazisha akanyage ubao, si pete.

Kabla mlango haujafungwa, weka maji kwenye sinia kwa kiwango cha kazi na uyapime. Chukua ndoo na saa, kinga chini ya matundu ya pande nne na ya katikati, uandike. Kisha, vijazio vikiwa vikavu, endesha feni kwa kasi mbalimbali na uandike presha inayopotea. Rudia maji yakiwa yanatiririka. Mstari huo wa siku ya kwanza uwekwe pamoja na michoro ya mnara. Miaka ikipita, presha ikipanda juu ya mstari kwa gesi na maji yale yale, kuna uchafu au vijazio vimepondeka. Presha ikibaki palepale lakini gesi inatoka chafu, anza na pimamaji kwenye sinia kabla ya kuagiza kijazio kipya chochote.